Sauti ya Pili Kwenye Mtihani wa Kalkulasi

Nyumba za Wafanyakazi wa Maji,
Nyumba Namba Saba.
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu zangu na za wote waliomo humu ndani. Hujambo wewe, na mgongo je? Mpaka leo nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba wewe, fundi wa lifti, ndiye unayepanda ngazi kuliko watu wote wa jengo. Wifi yangu hajambo? Na hao watoto, wanakula vizuri, au bado ni vita kila mkifika mezani?

Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto anasahau kwamba lilimsumbua, na daktari akimuuliza anasema hana tatizo lolote. Binti yetu kapata kazi ya uuguzi na sasa anatupima presha kila akija, tupende tusipende. Kwa hiyo ukisikia tuna presha, jua ni ya kupimwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu moja tu: simu ina mdomo. Tangu macho ya shemeji yako yafifie, masikio yake yamekuwa makali kupita kiasi. Nikinong'ona jikoni, yeye chumbani ananijibu. Barua ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba hii asichoweza kukisikia.

Najua alikupigia simu mwezi uliopita. Najua pia alichokuambia: kwamba ameniharibia mtihani na kunikosesha cheo. Kaka, hiyo ni nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo anayoijua yeye. Nusu nyingine ninayo mimi, na imenikaa kooni wiki mbili sasa.

Ngoja nianze mwanzo. Msimamizi wetu wa kituo cha kusukuma maji alikuwa anastaafu, na kila mtu alijua kwamba kiti chake ni changu. Miaka ishirini na minane nipo pale. Pampu zote tatu nazijua kwa mlio, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Lakini ofisi ilibadilisha utaratibu: msimamizi lazima awe na cheti cha chuo, na cheti kifike mezani kwao kabla ya mwisho wa Februari. Mimi masomo yote ya cheti hicho nilishayamaliza polepole, jioni baada ya kazi, isipokuwa moja. Kalkulasi.

Nililikimbia somo hilo miaka miwili. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikajiandikisha kulisoma mtandaoni kwa kutumia ile kompyuta uliyonitumia. Darasani tulikuwa wanafunzi mia na zaidi, wengi wao rika la binti yangu. Hatukuonana uso kwa uso, lakini tulikuwa na kundi la kuulizana maswali, na humo wakanibandika jina la Mama Pampu, maana kila mfano wangu ulikuwa wa maji. Mwalimu wetu ni mama mmoja mwenye miwani mikubwa, mpole sana, ila ana tabia moja mbaya. Kabla ya jambo gumu husema, "Hili ni rahisi tu." Nilipoizoea tabia hiyo, nikawa nikisikia "rahisi tu" nasimamisha video, naenda kunywa maji kwanza.

Mwezi wa kwanza niliona kilichomnyoa kanga manyoya. Wiki nzima tunazungumzia namba inayosogelea nyingine bila kuifikia. Inasogea, inasogea, haifiki. Nikasema huyu ni mume wa jirani na ile bustani aliyoahidi kulima. Halafu siku moja mwalimu akachora tangi linalojaa, akauliza: maji yanapanda kwa kasi gani sasa hivi, kwenye sekunde hii hii? Nikakaa wima. Kaka, hilo ndilo swali ninalolipwa mshahara kulijibu! Kumbe miaka yote nilikuwa mlangoni mwa somo hili, sikujua tu kwamba lina jina. Tangu siku hiyo sikuliogopa tena. Nililichukia baadhi ya siku, lakini sikuliogopa.

Sasa hapa lazima nikueleze desturi yetu ya kazini, usipoijua hutaelewa mkasa wenyewe. Kituoni kwetu geji, yaani kipimo cha presha ya maji, haisomwi kimoyomoyo. Anayesoma anatamka namba kwa sauti, mwenzake mwenye daftari anairudia kwa sauti, ndipo inaandikwa. Desturi hii ilianza kabla yangu, baada ya mtu mmoja kusikia tatu akaandika nane, na pampu ikaungua. Na yule anayerudia ana kazi ya pili: namba ikimshangaza, lazima apinge palepale. Haandiki tu.

Mimi na shemeji yako tulifanya hivyo miaka ishirini na minne kwenye zamu moja. Mimi nasoma, yeye anarudia. Wenzetu walimwita Kasuku, naye akaitika bila kinyongo. Hata uchumba wetu ulikuwa hivyo hivyo, kwenye kelele za pampu, mimi nikitamka "nne nukta mbili" na yeye akijibu "nne nukta mbili" kama mtu anayekula kiapo. Presha ya macho ilipomtoa kazini miaka minne iliyopita, sasa akiona kivuli cha dirisha basi, nilidhani desturi hiyo imekwisha kati yetu.

Haikwisha. Nilipoanza kalkulasi, yeye alikaa kwenye kiti chake chumbani, upande wa pili wa ukuta, mimi na kompyuta mezani. Kichwa changu hakifanyi hesabu midomo ikiwa imefungwa. Nikitamka, yeye anarudia. Nikikosea kunakili, ananipinga. Hajui kalkulasi hata chembe, lakini namba ikishaingia sikioni mwake haitoki. Miezi minne tulisoma hivyo, na sijui nani alifurahi zaidi. Mtu aliyekuwa anashinda amekaa kimya alipata zamu tena.

Mtihani ulikuwa tarehe kumi na nane Februari, saa nne asubuhi, mtandaoni pia. Kamera ya kompyuta inakuangalia, kipaza sauti kinakusikiliza, na sharti ni moja: uwe peke yako, usisaidiwe na mtu. Nilimwambia shemeji yako akae chumbani, anyamaze. Akasema, "Mimi? Nitakuwa kama jiwe." Tuliahidiana vizuri kabisa, kila mtu na nia njema.

Lakini mazoea yana taabu. Dakika kumi hazikupita, mimi natamka. Sikujua kwamba natamka! Naye chumbani, nusu usingizini, anarudia, na yeye hajui kwamba anarudia. Watu wawili wazima, kaka, tulikuwa zamu.

Swali la sita lilikuwa la tangi. Tangi la mviringo, nusu kipenyo mita tano, maji yanaingia mita za ujazo nne kwa dakika, uso wa maji unapanda kwa kasi gani? Nilicheka kwa furaha, swali langu kabisa. Kwa haraka ya furaha hiyo nikachukua tano mahali pa nne. Nikatamka, "Tano, gawanya kwa pai mara ishirini na tano." Chumbani kule sauti ikaja, "Ulisema nne!" Nikatazama. Ilikuwa nne. Nikafuta, nikaandika nne, nikapata karibu sentimita tano kwa dakika, na hilo ndilo jibu. Nilikuwa nimefika swali la saba ndipo nikashtuka nimefanya nini.

Nikamaliza mtihani kimya, mkono juu ya mdomo. Majibu yakatoka palepale: alama sitini na saba. Za kupita ni hamsini. Furaha yangu iliishi mpaka kesho yake, chuo kiliponiandikia kwamba sauti ya pili imesikika chumbani na kwamba nitahojiwa na kamati. Nilimsomea shemeji yako ujumbe ule. Akauliza, "Wamenisikia?" Nikamwambia ndiyo. Hilo ndilo alilokusimulia kwenye simu, na hapo ndipo habari yake inapoishia.

Mahojiano yalikuwa tarehe ishirini na sita. Siku hiyo binti alimpeleka baba yake kliniki ya macho, kwa hiyo nilikuwa peke yangu kweli. Kamati ilikuwa ya watu watatu ndani ya kioo cha kompyuta, mwenyekiti ni mzee mtaratibu mwenye sauti ya usingizi. Nikawaeleza desturi yetu ya geji kama nilivyokueleza wewe. Walinisikiliza vizuri, mmoja hata alitabasamu. Wakapiga rekodi ya mtihani wangu. Mimi natamka, sauti ndogo inarudia, natamka, inarudia. Ikafika swali la sita. Nikakaza mikono chini ya meza. Hapo, kaka, humo ndani ya rekodi, pikipiki ikapita dirishani. Mngurumo mtupu. "Ulisema nne" haikusikika hata herufi moja.

Mwenyekiti akasema, "Mama, tunachosikia ni mtu anayerudia maneno yako tu. Hajakupa jibu wala kukusahihisha. Tunaelekea kukuonya na kuacha alama zako zisimame. Kuna lolote ungependa kuongeza?"

Hapo ningesema hapana, asanteni, Mungu awabariki. Cheti kingetoka siku iliyofuata na leo ningekuwa nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha msimamizi. Nilifungua mdomo kusema hapana. Badala yake nikasikia nasema, "Alinisahihisha mara moja. Swali la sita. Pikipiki ilipita."

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Yule aliyetabasamu akaacha kutabasamu. Niliwaomba wanikate alama kumi za swali hilo, nibaki na hamsini na saba, bado ningepita. Wakanong'onezana, wakasema kanuni haikati vipande: aliyesaidiwa swali moja kasaidiwa mtihani. Wameufuta wote. Nitaurudia Ijumaa hii, tarehe kumi na nne. Na ofisini mlango ulifungwa mwisho wa Februari kama walivyosema.

Usiniulize kwa nini nilisema. Nimejiuliza vya kutosha. Labda ni kusaini daftari la zamu miaka ishirini na minane: ulichosoma ndicho unachoandika. Na usidhani nimekuwa mtakatifu. Jumatatu wiki hii amekuja msimamizi mpya, bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, na nilipompa mkono nilijuta mpaka kwenye vidole. Hajui kwamba valvu ya pili lazima ipigwe kofi kidogo ndipo ifunguke. Alisoma geji kimoyomoyo, nikamwambia, "Bwana, hapa tunatamka." Akatamka. Si mtu mbaya, na hilo nalo linaniudhi.

Lakini cheo sicho kinachoninyima usingizi. Ni shemeji yako. Tangu siku ya ule ujumbe wa chuo hajarudia namba yangu hata moja. Nikifungua kompyuta anainuka, anapapasa ukuta, anatoka nje. Nimesoma wiki hizi zote peke yangu, na nikimwita anasema, "Soma mama, mimi nilishakuponza mara moja." Kimya chake kimejaa nyumba nzima.

Sasa niambie wewe mkubwa wangu, nifanye nini? Nikimweleza kwamba hawakumsikia, kwamba niliyefuta mtihani ni mimi kwa mdomo wangu, atasema nimekitupa cheo kwa hiari, na anajua jinsi nilivyokitaka. Atakasirika, na ana haki. Nisipomweleza, atakufa akiamini kwamba sauti yake ndiyo iliyonikosesha. Nimeandika mpaka hapa, nimekwama. Naiacha kwanza.

*Jumapili, 16 Machi.*

Kaka, nimerudi. Sikungoja jibu lako, nisamehe. Mambo yalikwenda mbio kuliko posta.

Ijumaa asubuhi shemeji yako aliamka kabla yangu. Akavaa, akachukua fimbo, akasema anakwenda kukaa kwa fundi cherehani, nyumba ya tatu, mpaka nimalize. Nikataka kumsindikiza, akakataa. Nilimwangalia kwa dirisha akihesabu hatua mpaka akafika. Nikafunga mlango, nikakaa mbele ya kamera.

Nilifanya mtihani kimya. Kwa kweli si kimya, midomo ilikuwa inatembea, sauti ndiyo niliyoizuia. Swali la kwanza lilinichukua dakika ishirini. Nilikuwa naandika namba, naitazama, naitazama tena, nangoja. Sikujua nangoja nini mpaka nilipojikuta nimegeuza sikio kwenye ukuta wa chumbani. Nitakuambia ukweli, niliogopa. Nilifikiri kuna siku nyumba itakuwa kimya hivi na hakuna fundi cherehani wa kwenda kumchukua mtu kwake. Nikafuta macho, kamera na ione, kulia si kosa la mtihani. Nikaendelea.

Sitini na moja. Pungufu ya mara ya kwanza kwa sita, lakini ni zangu zote. Somo nimelifaulu, cheti kitakuja, na kiti kikiachwa wazi tena siku yoyote nitakuwa nimesimama karibu nacho.

Nikatoka mbio bila kufunga mlango. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya duka la fundi, mikono juu ya fimbo, jua limemfika usoni na hakusogea. Alinijua kwa nyayo. Hakuuliza nimepata ngapi. Alisema, "Leo sikusema neno hata moja. Muulize fundi. Hata salamu za wapita njia sikuitika."

Fundi akainua kichwa kwenye cherehani. "Ni kweli mama. Mimi nilidhani kagombana na mtu."

Kaka, mwanamume yule alikaa saa mbili na nusu amefunga mdomo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mahali ambapo hata angepiga tarumbeta kamera isingemsikia. Nikaona siwezi tena. Nikaketi kando yake, nikamwambia yote, mbele ya fundi, sikujali. Pikipiki. Mwenyekiti. "Kuna lolote ungependa kuongeza." Nikamwambia wao walisikia mtu anarudia tu, na kwamba la swali la sita nililisema mwenyewe, na ndiyo maana cheo kimekwenda. Nikangoja anikasirikie.

Cherehani ilikuwa imesimama, fundi anajifanya anatafuta sindano.

"Kwa hiyo hawakunisikia?" akauliza.

"Hawakukusikia."

"Ukawaambia wewe mwenyewe kwamba nilikupinga?"

"Niliwaambia."

Akageuza uso kwangu, pale anapokadiria kwamba macho yangu yapo. "Na ilikuwa nne kweli?"

"Ilikuwa nne, baba. Mimi ndiye niliyekosea."

Kaka, sijamwona akitabasamu namna ile tangu siku aliyokabidhi funguo za kituo. Akapiga fimbo chini, akamgeukia fundi cherehani.

"Umesikia? Kutoka chumbani, mlango umefungwa, na mimi nusu usingizini. Nne!"

Kwa hiyo akikupigia simu, na atakupigia, usimpe pole. Mwache akusimulie tangi lote tangu mwanzo, na wewe jifanye husikii habari hiyo kwa mara ya pili.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie shuka alizoshona bado hazijachakaa. Wabusu watoto, na yule wa katikati mwambie shangazi yake kamaliza kalkulasi akiwa na miaka arobaini na sita, kwa hiyo asilalamike kuhusu jedwali la kuzidisha. Mama anakuombea kila siku na anauliza utakuja lini. Binti anasema mpime presha. Fundi cherehani naye kaniambia nikusalimie, ingawa hamjuani, maana anajiona ameshakuwa shahidi wa familia.

Mola akulinde kwenye ngazi zako zote, za kupanda na za kushuka, na atukutanishe tungali wazima na tungali tunasikilizana.

Ndimi dada yako akupendaye leo na siku zote,

Mama Pampu